Tusiishie kuuliza 'ni halali?'

Tukiingia hotelini twauliza haraka: nyama hii ni halali? Swali zuri, lakini ni nusu tu. Qur'an (2:168) imeambatanisha halali na twayyib, yaani kilicho kizuri. Sasa chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyokwishakuwa meusi, na soda ya mililita 350 yenye sukari gramu 35 hivi, ni twayyib?

Sisemi tususie pilau. Kujiharamishia vizuri tulivyohalalishiwa nako kumekatazwa (5:87). Nasema tuagize kwa akili: pilau sahani moja kwa watu wawili, samaki wa kuchoma, mchicha, kachumbari na maji. Utamu haupungui, kinachopungua ni israfu. Mwili ni amana, nasi tutaulizwa.