Kioo Mbele ya Kioo

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam huishia Tunduma, mpakani na Zambia. Mwaka 2019 kilifunguliwa hapo kituo cha huduma za pamoja cha Tunduma na Nakonde, lakini mahali palipo na malori mengi hapakosi foleni, na palipo na foleni hapakosi watu wanaongoja. Mpigapicha na asimame kando ya lori mojawapo mchana, mshazari kidogo, aelekeze kamera kwenye kioo cha mbele. Atapata mbingu. Mawingu, mabati ya duka na nyaya za umeme vitatanda juu ya kioo, na dereva aketiye nyuma yake hataonekana. Kisha azungushe mbele ya lenzi kioo kidogo cheusicheusi, ambacho wenye kazi yao hukiita polaraiza. Mawingu yatafifia, na uso wa mtu utajitokeza.

Siku hizi husemwa kuwa vioo hivi, filta kwa jina la jumla, vimepitwa na wakati. Programu ya kuhariri picha itafanya yote baadaye, mezani. Kwa filta za rangi, kauli hiyo haina ubishi mkubwa. Kamera ya dijitali huandika wekundu, ukijani na ubuluu kila kimoja kwa hesabu yake, na anayetaka picha yenye uvuguvugu wa alasiri ataupata kwa kuzigeuza hesabu hizo. Hata kioo cheusi cha kurefusha muda wa picha, kinachoyafanya maji yaendayo kasi yaonekane kama moshi, kina badala yake: picha nyingi zilizopigwa mfululizo na kuchanganywa kuwa moja. Hapo ugomvi umekwisha.

Kwa polaraiza mambo ni mengine. Nuru iliyogonga kioo, maji au jani na kurudi hutetemeka zaidi katika mwelekeo mmoja, na polaraiza huufungia mlango mwelekeo huo. Kamera ya kawaida haiandiki mwelekeo. Huandika wingi na rangi tu. Kwa hiyo picha ikishapigwa, nuru ya wingu na nuru ya uso wa dereva huwa tarakimu moja, mfano wa chumvi iliyokwisha kuyeyuka mchuzini. Na pale mng'ao ulipozidi hata pakawa peupe kabisa, hapana hata mchuzi.

Programu za leo zaweza kuliondoa wingu lile, tena kwa ustadi wa kustaajabisha. Lakini hukisia. Zimefunzwa kwa picha za nyuso nyingi mno, na kutokana na hizo hutoa uso unaoelekea kuwapo. Ni nani huyo? Pengine ni mtu ambaye hakupata kufika Tunduma, wala hakupata kuzaliwa.

Wapenzi wa tungo wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Mnakili apewapo utenzi wa hati za Kiarabu ulioliwa na mchwa, vina na mizani humwambia ni silabi ngapi zimepotea na mwisho wake ulikuwa nini. Akiwa fundi, atauziba ufa pasi na mtu kuugundua. Mizani itatimia, na mtunzi hatakuwamo.

Haifai hata hivyo kuisifu filta kana kwamba ni walii. Wingu lililoondolewa kiooni lilikuwapo kweli. Dereva aliyengoja chini yake aliliona. Polaraiza hula nusu ya nuru na zaidi, na ikizungushwa vibaya yaweza kuufuta upinde wa mvua. Ni mchaguzi, na kila mchaguzi ana hatia yake. Ila huondoa tu, haiongezi: kilichobaki kilikuwapo.

Tofauti hiyo haina uzito sawa kila mahali. Majani ya mibuni ya Mbozi baada ya mvua hung'ara hata yakapoteza ukijani wake. Filta huurudisha, programu huupaka. Ikiwa picha ni ya kalenda, mkulima hakudhulumiwa. Lakini picha ya dereva ikija kutakiwa na ndugu wanaomtafuta, au na hakimu, uso uliokisiwa ni ushahidi wa uongo, hata kama aliyeuhifadhi hakukusudia kudanganya mtu.

Na ipo nuru isiyoitii polaraiza yenyewe. Nje ya barabara hiyohiyo, huko Ndolezi wilayani Mbozi, kimelala kimondo cha tani zipatazo 16, karibu chote chuma. Mng'ao wa chuma kitupu hauna mwelekeo mmoja wa kufungiwa mlango kama ule wa kioo na wa jani. Jua likipiga pale chuma kilipo wazi, mpigapicha aweza kuzungusha filta mpaka achoke. Itambidi azunguke upande wa pili, au angoje wingu lipite.