Ole Wao Watungao Sheria za Dhuluma

Katika sura ya kumi Isaya hawageukii wanyang'anyi wa njiani. Ole yake inawaangukia watunga sheria, wanaowapokonya maskini haki yao mchana kweupe. Nabii aliijua dhuluma isiyoshika rungu. Imeketi mezani, ina kalamu na muhuri.

Tazameni Ferguson, mji mdogo wa Missouri, Marekani. Tarehe 9 Agosti 2014 polisi alimuua kwa risasi Michael Brown, kijana mweusi wa miaka 18 ambaye hakuwa na silaha. Dunia ikaona moto na mabomu ya machozi. Machi 2015 ripoti ya Wizara ya Sheria ikafunua yaliyokuwa yakitendeka kila siku kimyakimya. Mji ulitegemea faini kujaza hazina yake, na polisi walihimizwa kutoza zaidi. Weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi, lakini asilimia 93 ya waliokamatwa. Mwaka 2013 pekee, katika mji wa watu wapatao 21,000, mahakama ilitoa hati za kukamata zaidi ya 9,000, nyingi kwa makosa madogo. Mama mmoja aliyeegesha gari vibaya mwaka 2007 alitozwa dola 151 pamoja na ada. Alilipa 550, akalala mahabusu siku sita, na mwisho wa 2014 bado alidaiwa 541!

Tusimsingizie shetani. Bajeti ile ilipitishwa na baraza lililochaguliwa. Michael alipouawa, kati ya madiwani sita mweusi alikuwa mmoja tu. Na katika uchaguzi wa mji wa 2013, waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama asilimia 12.

Watu wakaamka. Aprili 2015 waliojitokeza walikaribia asilimia 30, na madiwani weusi wakawa watatu. Mmoja wao, Wesley Bell, mwaka 2018 alimwangusha mwendesha mashtaka wa wilaya aliyekalia kiti tangu 1991. Mwaka 2020 Ella Jones akawa meya wa kwanza mweusi wa Ferguson. Kura hazikumfufua Michael, wala Bell hakuona ushahidi wa kutosha kumshtaki yule polisi. Kidonda kipo. Ndiyo maana kazi haiishii kwenye ushindi mmoja!

Nawe uliyetoka Uvira, Kigoma au Mombasa ukaapa uraia wa Marekani, usiseme, "Hayo ni ya Wamarekani weusi." Polisi anayesimamisha gari lako haulizi ulizaliwa wapi. Jiandikishe, na usisubiri uchaguzi wa rais. Mchague diwani, mchague hakimu, mchague mwendesha mashtaka. Kama hujapata uraia, usipige kura, maana sheria inakataza. Lakini mikutano ya baraza iko wazi. Ingia, uulize: faini zinaingiza kiasi gani, na zinatoka mifukoni mwa nani?

Wachungaji, mnapotangaza harusi, tangazeni na siku ya uchaguzi wa mji. Akina mama wa kwaya, wapelekeni wazee vituoni. Vijana, someni bajeti hadi mwisho.

Mjane wa Luka 18 hakuwa na cheo wala fedha, lakini alirudi kwa kadhi dhalimu hata kadhi akachoka. Ombeni kama yeye, mrudi kama yeye. Wakiwapuuza leo, nendeni tena kesho, mkiwa wengi zaidi. Amina.