Haja iliyokuwa moyoni mwa mzee Yaaqub (Tafakuri ya Ramadhani 1446, siku ya 13)



Ndugu zangu wa Katesh, Endasak, Basotu, Dongobesh, Haydom na Mbulu mjini, tunamshukuru Allah aliyetufikisha siku ya 13. Kwenye tarawehe wengi wetu tumeingia juzuu ya 13, na humo kuna sehemu kubwa ya kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Tukikisoma, macho yetu huwa kwa Yusuf: kisima, jela, kisha cheo. Leo naomba tumtazame baba yake, yule mzee aliyebaki nyumbani.

Wanawe walirudi kutoka Misri wakamuomba awape mdogo wao, Bin-yamin, waende naye kuongeza chakula. Mzee akasita. Akawauliza kama awaamini kwa huyu vile alivyowaamini zamani kwa ndugu yake (Yusuf, aya ya 64). Na kumbuka, ulikuwa wakati wa njaa. Mtu wa pembeni angesema: huyu mzee mkaidi, watu wanahitaji nafaka yeye analeta habari za zamani. Lakini haukuwa ukaidi. Aliwahi kumtoa mtoto akacheze, usiku akaletewa kanzu yenye damu.

Hata alipokubali, aliwachukulia ahadi kwa jina la Allah, kisha akawaagiza wasiingie mjini kwa mlango mmoja, wapite milango tofauti. Sasa sikiliza aya ya 68 inavyotufundisha. Allah anasema tahadhari ile haikuweza kuzuia lolote katika alilolipanga Yeye, ilikuwa ni haja iliyokuwa katika nafsi ya Yaaqub, naye akaitimiza. Hakukemewa kwa hofu yake. Hapohapo anasifiwa kuwa ni mwenye elimu.

Waliomkemea ni watoto wake. Alipolia hadi macho yakawa meupe kwa huzuni, walimwambia hataacha kumtaja Yusuf mpaka adhoofike au aangamie (aya ya 84 na 85). Miaka imepita, baba, bado tu? Naye akawajibu kwamba anamshitakia Allah peke yake huzuni yake.

Basi tuje kwetu.

Tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi mapema, mvua kubwa iliangusha sehemu ya Mlima Hanang. Tope, mawe na magogo vilishuka Katesh, Jorodom, Gendabi na vijiji jirani. Ndugu zetu 89 walifariki. Nyumba zilizolala familia nzima zilibaki tope. Walionusurika walihifadhiwa kwenye shule, na baadaye zikajengwa nyumba 109 kule Waret. Allah awalipe kheri wote waliosaidia.

Lakini nyumba ikijengwa, je, moyo nao umejengwa? Masika ndiyo haya. Mvua ikianza kupiga bati usiku, sisi tunasema alhamdulillah, mahindi yatastawi. Yupo mzee anayeamka, anakaa mlangoni na fimbo yake, halali tena mpaka kuche. Mwili wake umerudi kwenye ile asubuhi.

Na kwa wazee wetu lile tope halikuwa la kwanza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Chukua mwenye miaka 70 leo: mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, alikuwa kijana, ameona watu wakihamishwa makwao. Waulize wazee wa Kibarabaig wa upande wa Basotu. Kuanzia miaka ya 1970 ardhi yao ya malisho, karibu ekari 100,000, iliingizwa kwenye mashamba ya ngano ya NAFCO. Watu waliondolewa, na makaburi ya baba zao, ambayo kwao ni mahali pa heshima kubwa, yakapitiwa na matrekta. Mtu aliyeona trekta juu ya kaburi la babake hasahau kwa sababu tu imepita miaka 40.

Sasa mzee wa namna hiyo anapokutana na sisi, kamati ya msikiti, kijana wa kugawa futari, mtendaji, muuguzi, tunaona nini? Anakataa kuweka dole gumba kwenye karatasi. Hataki kuhama kwenye nyumba yenye nyufa aende kwa mwanawe. Anaficha unga chini ya kitanda. Anafoka akiguswa kwa nyuma. Akiona foleni na watu wanapiga kelele, anageuka anarudi nyumbani mikono mitupu. Sisi tunasema: mkorofi huyu, tumfute, tumpe anayeshukuru. Na kweli jina linafutwa. Mzee anafuturu maji.

Ndugu yangu, kabla hujasema ana nini huyu mzee, jiulize amepatwa na nini. Huenda karatasi ya mwisho aliyowekewa mbele yake ilimtoa kwenye shamba lake. Huenda foleni inamrudisha kwenye lile darasa alilolala baada ya tope, akisubiri jina la mjukuu litajwe. Wewe hujui, mimi sijui. Lakini Allah ametufundisha kwamba ndani ya nafsi ya mzee kunaweza kuwa na haja tusiyoiona.

Tufanye nini? Mambo matano tu, yanawezekana wiki hii hii.

*La kwanza: mfuate alipo.* Makka ilifunguliwa Ramadhani ya mwaka wa 8 Hijria. Sayyidna Abubakar (r.a.) akamleta baba yake, Abu Quhafa, mzee kipofu, mbele ya Mtume (s.a.w.). Mtume akamuuliza kwa nini hakumwacha mzee nyumbani kwake ili yeye mwenyewe amwendee. Siku ya ushindi ule, na bado ana nafasi ya kumwendea mzee mmoja! Basi mfuko wa futari na zakatul-fitri umfuate mzee mlangoni, usimsimamishe juani.

*La pili: bisha hodi, jitambulishe, omba ruhusa.* Kaa mahali anapokuona. Mwambie umekuja kufanya nini na utaondoka saa ngapi. Usimshike mkono, usihamishe vitu vyake, usimpige picha na mfuko wa mchele eti ya kutuma kwenye grupu. Muulize: babu, niweke wapi? Bibi, nije kesho au keshokutwa? Aliyenyang'anywa uamuzi maishani, kumrudishia hata uamuzi mdogo ni sadaka.

*La tatu: usimlazimishe kusimulia, na akisimulia usimkatishe.* Tuna tabia ya kuuliza, eti ilikuwaje siku ile, ulipoteza wangapi? Kidonda hakifunuliwi kila mgeni akipita. Na akianza mwenyewe kusema, acha maneno ya “shukuru umepona” au “wenzako wamekufa wangapi”. Watoto wa Yaaqub walisema ya namna hiyo. Wewe sema “pole sana, mzee wangu”, kisha nyamaza naye. Kama Kiswahili kinampa shida, tafuta mtu mzima anayejua Kiiraqw au Kidatooga. Usimbebeshe mjukuu wa miaka tisa kutafsiri misiba.

*La nne: timiza ahadi.* Ukisema Alhamisi, iwe Alhamisi. Mzee Yaaqub alitaka ahadi kwa sababu aliwahi kuvunjiwa ahadi. Ukishindwa kwenda, tuma mtu. Usiahidi nyumba, usiahidi pesa usizonazo.

*La tano: jua mwisho wa uwezo wako.* Mzee asiyelala wiki nzima, asiyekula, anayesema afadhali afe, usimwambie imani yake ndogo, na usikimbilie kusema ni majini. Usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya au hospitali, na mjulishe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Dua na dawa havigombani. Na kama anameza dawa za presha au sukari, asisukumwe kufunga kwa kuona aibu. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa nafasi asiyeweza, na fidia yake ni kulisha masikini. Naye akiwa hana, Allah haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake.

Kuna watakaouliza: na wazee wasio Waislamu je? Jirani ni jirani. Tope halikuuliza dini ya mtu, na haki ya jirani hatukufundishwa kuiuliza dini. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba si katika sisi asiyewahurumia wadogo na asiyewaheshimu wakubwa.

Na wewe mtoto unayekaa na mzazi wa namna hii, ukichoka, Allah anajua umechoka. Suratul Israa aya ya 23 imekataza hata “ah!” kwa mzazi kwa sababu Muumba anajua uzee una siku zinazomchosha mtu mpaka hiyo “ah!” iko mdomoni. Usiubebe mzigo peke yako. Waite ndugu zako mpeane zamu, na sisi jamaa wa msikiti tuchukue usiku mmoja mmoja, hasa usiku wa mvua.

*Kazi ya leo:* kila mmoja amtaje moyoni mzee mmoja ambaye amewahi kumuita mkorofi. Kabla ya magharibi amwendee, abishe hodi, asalimie, akae hata robo saa, asiulize habari za tope. Na kamati zetu zitazame ile orodha ya futari: jina gani lilifutwa, na kwa nini?

Ewe Mola wetu, uliyemrudishia Yaaqub macho yake na mwanawe, warudishie wazee wetu usingizi wao. Warehemu waliofukiwa na tope, uwape subira waliobaki. Zifanye nyoyo zetu laini kwao na ndimi zetu nyepesi kwa pole. Tutakabalie funga zetu. Aamin.

Mfikishie na mwenzako. Tukutane kesho in shaa Allah.