Haya ya Mgonjwa Mbele ya Tabibu

Yako maradhi ambayo mtu huyaficha kwa sababu ya pahala yalipo. Mojawapo ni mtu mume kuona damu katika manii yake. Huyu humtuhumu mkewe, yule huamini karogwa, mwengine hunyamaza miezi. Na wote huliita jambo lao haya.

Haya ni pambo la Muislamu, hilo hatulipingi. Lakini twauliza: haya hiyo yamhifadhi nani? Aliyekataa kupimwa kisha akamshuku mkewe amestiri utupu wake kwa kuivunja heshima ya mwenziwe, ilhali damu peke yake si ushahidi wa zina.

Na tulipime jambo lenyewe. Kijana aliye chini ya miaka 40, akiiona damu mara moja, bila homa wala maumivu, na mkojo wake ukapimwa ukawa safi, aghlabu hupoa bila dawa. Huyo hana haja ya kufunuliwa, na pasipo haja hapana ruhusa. Lakini ikirudi na kurudi, au mwenyewe amekwisha pita miaka hiyo, hukumu yageuka.

Hapo tabibu huweza kutia katika tupu ya nyuma chombo chembamba mfano wa kidole, chenye kutoa sauti isiyosikiwa na sikio la mwanaadamu. Sauti hiyo hugonga nyama ikarejea, na marejeo yake hufanywa picha ya tezi dume na vifuko viwili vya manii vilivyo nyuma ya kibofu. Eksirei haimo. Huonekana vijiwe, vifuko vya maji, au njia ya manii iliyoziba. Na kwetu mwambao kuna kichocho, ambacho mayai yake huingia humo yakaacha ugumu kama chokaa. Basi aliyekoga madimbwini utotoni na amwambie tabibu. Hata hivyo picha huonyesha umbo, si kila mara sababu. Saratani yataka vipimo vyengine, na pengine kutolewa kinyama.

Kufunua ni kwa kadiri ya kipimo, si zaidi. Tabibu mwanamume ndiye wa kutangulizwa. Akikosekana, mwanamke mjuzi yajuzu kwa haja. Josho ni wajibu hata manii yakitoka mekundu. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi kutia kitu katika tupu hiyo hufunguza, basi mwenye kufunga na akapimwe usiku, ila maradhi yakiwa hayangoji.