Nassi, Ila na Plagi Nne

Ami yangu, ambaye ujana wake aliutumia katika darsa za msikitini na utu uzima wake katika shamba la michungwa huko Muheza, alikuwa na vitabu viwili ambavyo mtoto hakuruhusiwa kuvigusa kwa mikono isiyonawa: cha kwanza kitabu cha fikihi alichorithi kwa baba yake, na cha pili kitabu cha maelekezo ya trekta ya Ferguson, chenye madoa ya grisi kila ukurasa. Trekta yenyewe ni TEA20, ya petroli, moja katika jamii ya matrekta zaidi ya laki tano yaliyoundwa Coventry, Uingereza, baina ya 1946 na 1956. Injini yake ilipoanza kumisi, na fundi aliposema kuwa plagi zimekwisha, ami hakuona kuwa pana jambo la kujadiliwa. Alifungua kitabu, akaweka kidole juu ya namba iliyochapishwa humo, akaniambia, "Mwanangu, nenda Tanga ukaitafute hii."

Nilikwenda, na safari ile imenipa swali ambalo tangu hapo sijaweza kuliacha. Amri iliyoandikwa na mjuzi kwa ajili ya hali aliyoijua, ikiwa hali ile imebadilika na mjuzi mwenyewe hayupo tena kuulizwa, mtu mwaminifu aifuate vipi? Swali hili lilikuwa la dini karne nyingi kabla ya kuwa la matrekta.

Kwa msomaji ambaye hajapata kushika spana, ni shurti nieleze kidogo. Plagi hukaa kwenye kichwa cha silinda, na kazi yake inayojulikana na watu wote ni kutoa cheche ya kuwasha mvuke wa petroli. Lakini iko kazi ya pili, isiyofikiriwa aghalabu ila na mafundi, nayo ni kustahimili moto ule ule inaouwasha, na kulipitisha joto la ziada kwenye chuma cha injini lisirundikane penye ncha. Ncha hiyo imevikwa kauri nyeupe. Kauri ikiwa ndefu, joto huchelewa kuondoka, na plagi huitwa ya moto. Ikiwa fupi, joto huondoka upesi, na plagi huitwa ya baridi. Joto la ncha lisipofika digrii 450 au 500 za sentigredi, masizi na mafuta hugandamana juu ya kauri, umeme ukapata njia ya kutorokea pasi na kutoa cheche. Likipita 850 au 900, ncha huiva kama kaa la moto na mvuke ukawaka kabla ya wakati wake, jambo ambalo laweza kuitoboa pistoni. Plagi sahihi, basi, ni ile inayoishi baina ya mipaka miwili hii; wala mahali pake hapo katikati haipawi na umbo lake peke yake, bali na injini iliyomo, na mafuta yanayounguzwa, na kazi inayofanywa siku hiyo. Aristotle alipoeleza maana ya wastani alitoa mfano wa Milo mpiga mieleka, kwamba chakula kinachomtosha yeye humzidi yule anayeanza mazoezi. Na sidhani kama fundi yeyote angebishana naye.

Hayo sikuyajua nilipokuwa Tanga. Plagi iliyoandikwa kitabuni haikuwapo madukani, na muuzaji wa spea, kwa nia njema kabisa, alinipa za kampuni nyingine ambazo upana wa nyuzi na urefu wa shina vililingana na zetu, na ambazo, kwa furaha yangu, zilikuwa na tarakimu ile ile. Ami aliitazama tarakimu, akautazama ukurasa, akaridhika. Baada ya siku tatu plagi zote nne zilikuwa nyeusi kama masufuria ya arusi, na injini inamisi kuliko mwanzo. Kosa lilikuwa letu sisi wawili, kwani tarakimu haina maana yenyewe: kwa kampuni ya Champion namba ikipanda plagi inazidi kuwa ya moto, na kwa NGK ikipanda inazidi kuwa ya baridi, hata Bosch, ambao zamani namba kubwa kwao ilikuwa ya plagi ya baridi, baadaye waliigeuza hesabu yao wenyewe, ikawa namba kubwa ni ya plagi ya moto. Sisi tuliihifadhi herufi ya nassi, yaani ya maandishi, kwa uaminifu mkubwa, na kwa uaminifu huo huo tukaitupa maana yake.

Hapa inanipasa nitofautishe, maana wako watakaodhani kuwa nimekwisha kumwacha ami na kitabu chake. Wanavyuoni wa usuli huzigawa dalili mafungu mawili: zilizo za kukata, zisizokubali tafsiri ya pili, na zilizo za dhana, ambazo mwenye elimu ana ruhusa ya kujitahidi ndani yake. Upana wa nyuzi na urefu wa shina ni katika mambo ya kukata. Plagi yenye shina refu kuliko tundu lake huchomoza ndani na huenda ikapigwa na pistoni. Yenye shina fupi huificha cheche ndani ya tundu, na masizi yakajaza nyuzi zilizobaki wazi. Hakuna jitihada hapo, na anayejidai kuwa nayo atailipa injini nzima. Joto la plagi ndilo jambo la dhana, na ndipo kiyasi, yaani kulipima jambo lisilotajwa kwa lile lililotajwa, kinapoanza.

Kiyasi husimama juu ya kile kiitwacho kwa Kiarabu *illa*, yaani sababu iliyoifanya hukumu iwepo. Neno hilo katika lugha yake lina maana ya sababu na pia maana ya ugonjwa au kasoro. Waswahili tulipolichukua tulibaki na kasoro tu, tukasema fulani hana ila, na ile maana ya sababu tukaiachia madarsa. Mfano mashuhuri ni wa kadhi, aliyekatazwa na Mtume asihukumu hali ya kuwa ana hasira. Mwenye kushika herufi ataishia kwenye hasira. Lakini wanavyuoni waliuliza hasira imekatazwa kwa nini, wakaona ni kwa kuwa huishughulisha akili ya mtu isiuone ukweli, wakamkataza kadhi asihukumu pia akiwa na njaa kali au kiu kali au usingizi, ijapokuwa hayo hayakutajwa, na wako waliosema kuwa hasira ndogo isiyomshughulisha mtu haimzuii. Na Sayyidna Umar, katika mwaka wa njaa kuu, aliisimamisha adhabu ya mwizi, wala hakuna aliyesema kuwa ameifuta Kurani.

Basi nami nikajiuliza ila ya namba ile ya kitabuni, kwa maana zote mbili za neno. Mhandisi wa Coventry alipoichagua alikuwa mbele ya injini mpya, yenye ringi za pistoni zinazobana barabara, iliyokusudiwa kuvuta plau katika udongo mzito kutwa nzima. Injini ya ami ilikuwa imezeeka. Ringi zake zilikuwa zimelika, oili inapenya na kuungua pamoja na petroli, na kazi yake kwa muda mwingi wa mwaka ilikuwa kuvuta tela la machungwa mpaka barabarani na mapipa ya maji kutoka mtoni, kazi ambayo haiipashi injini joto la kutosha kuunguza uchafu wake. Hata tulipopata hatimaye plagi zilizo sawa hasa na zile za kitabuni, sawa kwa joto na si kwa tarakimu, nazo zilishika masizi, ingawa taratibu zaidi. Fundi akashauri tupande daraja moja kwenye umoto. Alikiri, na ninamsifu kwa insafu yake, kuwa hiyo si dawa bali ni stara, na dawa yenyewe ni ringi mpya, ambazo fedha yake haikuwapo.

Ami alikataa kwa muda wa wiki mbili. Hoja yake haikuwa ya kijinga, na mpaka leo naiona ina uzito kuliko nilivyoikubali wakati ule. Alisema kuwa kila anayeivunja amri hudai kuwa ameielewa sababu yake. Na kwamba amewaona vijana wakitia plagi yoyote inayoingia tunduni, kisha wakiita uvivu wao ujuzi. Ni kweli. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la *Al-Islah* mjini Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wa pwani waache kufuata mambo kwa mazoea bila ya kuyapima. Lakini kupima hutaka mizani, na mwenye kutupa mazoea bila ya mizani hajamtangulia kwa lolote yule aliyeyashika. Tofauti ya fundi wetu na vijana wale ni kwamba yeye alizitia kwanza plagi za kitabuni, akaziacha zifanye kazi, akazifungua, akazitazama nyuso zake. Kauri nyeusi yenye unyevu wa oili ilimwambia jambo moja. Ingekuwa nyeupe yenye malengelenge ingemwambia kinyume chake. Na rangi ya chai ya maziwa ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Jitihada yake ilianzia katika utii.

Tulitia plagi za moto zaidi, na injini ikatulia. Mwezi wa Machi, kabla ya masika, jirani alipokuja kuiomba trekta alime shamba lake la mahindi kwa siku nne mfululizo, ami alizitoa mwenyewe zile plagi, akazirudisha za kitabuni, kwa sababu kazi ya plau ilikuwa imerudi na ila ya hukumu ikarudi pamoja nayo. Hakunieleza neno. Mafakihi wanayo kanuni kuwa hukumu huzunguka na ila yake, ikiwepo ipo na isipokuwepo haipo; nadhani aliisoma ujanani katika kitabu kile cha kwanza.

Nawe msomaji, ukiwa na trekta ya namna hii na ukataka kuzisoma plagi zake, zima injini ikiwa bado katikati ya kazi, palepale shambani, uzifungue hapo. Usizisome baada ya kuiacha ingurume bure uani. Hapo kila plagi huonyesha weusi, na utaihukumu kwa kosa ambalo si lake.