Zawadi Isigeuzwe Deni

Limekuwa jambo la kawaida huko Marekani na Uingereza kwa babu na bibi waliostaafu kumchukua mjukuu wa miaka 14 au 15 na kumtembeza Ulaya kwa majuma mawili au matatu, wazazi wakibaki kazini. Desturi hiyo imeota mizizi hata yapo mashirika yanayoitengenezea safari maalum. Moja ni Road Scholar, lililoanzishwa Marekani mwaka 1975 kwa jina la Elderhostel ili kuwaelimisha wazee, na ambalo leo hupanga safari za wazee na wajukuu wao pamoja. Hatuna neno la kuilaumu desturi hiyo. Lakini ndani yake limefichika swali liwahusulo hata wale ambao hawatavuka bahari kamwe: Je, atoaye zawadi ana haki gani juu ya moyo wa apewaye?

Zamani, katika karne ya 17 na ya 18, vijana wa kikabaila wa Uingereza walipelekwa Paris, Venezia, Firenze na Roma ili kukamilisha elimu yao. Walifuatana na mwalimu wa kuajiriwa, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha na kukanya. Kijana akichoshwa naye, haukuwa msiba mkubwa, kwani mwalimu alipata mshahara wake vile vile. Babu hana mshahara. Ujira autazamiao ni furaha ya mjukuu, na huo ndio ujira usioweza kudaiwa.

Tutazame mfano. Katika mji wa Köln, Ujerumani, liko kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1248 na kumalizika mwaka 1880. Apendaye kuupanda mnara wake wa kusini hana budi kukanyaga vidato 533 kwa miguu yake. Tuseme babu mmoja, mwenye magoti mabovu, ameweka akiba miaka kadhaa ili siku moja amwonyeshe mjukuu wake jengo hilo. Wanafika. Kijana anainua macho kwa dakika mbili, kisha anainamia simu yake. Hapo bibi anashindwa kujizuia, anasema: “Fedha zote hizi tumezitoa kwa ajili gani?”

Twamhurumia bibi huyo, lakini neno lake lina hatari. Tangu lilipotamkwa, zawadi imegeuka mkopo, na mjukuu amekuwa mdaiwa. Nani asiyejua jinsi mdaiwa amwonavyo mdai wake? Humkwepa, hata wakiwa wameketi meza moja.

Hapa yatupasa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi, yaani adabu na mshangao. Adabu yaweza kudaiwa. Kijana apaswa kuamka kwa saa waliyoagana, kumpokea bibi yake mzigo stesheni, na kushukuru kwa kinywa chake. Yote hayo yamo katika uwezo wa utashi wake. Mshangao haumo. Hakuna mtu awezaye kujiamuru kustaajabu, awe kijana au mzee, na anayelazimishwa hujifunza kuigiza tu. Sisi twaona heri kijana anayekiri kwamba amechoka kuliko yule anayesifu asichokiona.

Mtu atatuuliza: Basi aachiwe simu yake popote? La, hasha. Babu na bibi wengine humpeleka mjukuu hata Auschwitz, nchini Poland, mahali walipouawa watu wapatao milioni 1.1, wengi wao Wayahudi, kati ya miaka 1940 na 1945. Wasimamizi wa mahali hapo wenyewe hushauri watoto wa chini ya miaka 14 wasiletwe. Huko, kuiweka simu mfukoni ni heshima kwa wafu, wala mkubwa hahitaji kubembeleza. Lakini naye ajiulize kwanza kwa nini amemleta mtoto. Mahali kama hapo si pa kupitia haraka baina ya chakula cha mchana na hoteli.

Liko jambo lingine, nalo kwetu laeleweka upesi. Katika makabila yetu mengi babu na mjukuu ni watani. Mtoto akigombezwa na baba, hukimbilia kwa babu. Safarini mambo hugeuka: babu ndiye achukuaye barua ya ruhusa ya wazazi, atunzaye pasipoti, akatazaye kutoka usiku. Amekuwa baba, na mtoto hana tena pa kukimbilia. Kwa hiyo twaona ni busara wazee wamwachie kijana nusu siku yake mwenyewe, wamwache achague mji mmoja, wamkabidhi kazi ya kutafuta treni. Ni ajabu kidogo kwamba katika kazi hiyo simu ile ile iliyochukiwa pale Köln ndiyo itakayowafikisha wote watatu hotelini, babu akifuata nyuma na kutaniwa kwa mwendo wake.

Na wajukuu waliobaki nyumbani? Haki haidai kila mmoja apelekwe Ulaya, lakini yadai asiwepo atakayeachwa kubahatisha sababu. Ikiwa fedha zatosha mmoja tu, au kama kila mmoja atangoja atimize miaka 15, na lisemwe mbele ya wote, kabla tikiti haijakatwa.