Yowe na Jiwe

Katika nchi ya Bukoba na Muleba nyumba hujificha ndani ya kibanja, na migomba huziba macho hata jirani asimwone jirani yake. Ndiyo sababu ulinzi wetu wa asili haukuwa wa macho bali wa masikio. Yowe likipigwa usiku, watu hutoka na fimbo zao, na asiyetoka huulizwa kesho yake alikuwa wapi. Basi yafaa tujiulize: yowe hilo humwita jirani aje kukamata, au aje kuhukumu?

Swali hili si la Wahaya peke yao. Wasukuma na Wanyamwezi, walipochoshwa na wezi wa ng'ombe na silaha zilizozagaa baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, waliunda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakaitana kwa mwano. Mwaka 1989 sheria iliwatambua na kuwapa uwezo wa kukamata. Hukumu ilibaki mahakamani. Mpaka huo ni rahisi kuuandika. Sisi tuliozeeka katika makaratasi twalijua hilo.

Siku moja ya gulio huko Muleba tulisikia yowe, tukakimbia na wengine. Kijana wa miaka kama kumi na saba alikuwa chini, damu zikimtoka kichwani. Tulipouliza amefanya nini, tulijibiwa neno moja: mwizi. Hatukuuliza la pili. Tulijikuta tuna jiwe mkononi, na hata leo hatukumbuki tuliliokota wapi.

Bibi mmoja muuza ndizi alipenya, akamfunika kijana kwa kanga yake, akasema, "Wanangu, ni nani kati yenu aliyeibiwa?"

Hakuna aliyejibu. Aliyeibiwa alikuwa amekwenda kuita polisi.

Kijana yule alikuwa mwizi kweli, alikiri, akafungwa. Twalisema hili msomaji asije akadhani kwamba bibi alimwokoa asiye na hatia, kwani hapo jambo lingekuwa jepesi. Mwenye mali alitaka mali yake na sheria. Sisi tusiopotewa na kitu ndio tuliotaka damu.

Septemba 2022, vijana wenye mapanga waitwao Panya Road walipoitisha Dar es Salaam, tuliwasikia hata wasomi wakisema wakikamatwa wauawe tu. Hofu yao ilikuwa ya haki, maana nyumba zilivamiwa na watu wakapoteza maisha. Lakini maiti hamtaji aliyemtuma, wala anayenunua simu na televisheni za wizi, na huyo mnunuzi huenda akawa mmoja wa wanaopiga yowe.

Polisi walifika wawili, kwa miguu. Tulilidondosha jiwe nyuma yetu, polepole, lisisikike. Bibi aliichukua kanga yake, akaitazama ile damu, akaikunja, akarudi kwenye ndizi zake.